Mwaka mumoja wa zawadi: nani alilipa?

Tarehe 1 ya mwezi wa sita 2021, kule Marekani, mulango mumoja ulifunguka. Ulikuwa umefungwa tangu tarehe 13 ya mwezi wa tatu 2020. Kwa miezi 14 na zaidi, kochi wa univerisite ya Divizio ya 1 hakukuwa na ruhusa ya kuonana uso kwa uso na kijana mwenye anatafuta fasi katika ekipe yake. Hakuna kwenda kumuona akicheza. Hakuna kuingia kwa wazazi wake na kukaa nao kwenye meza. Hakuna kumuita atembelee shule. Ilibakia paka telefone na ordinatere. Makochi walirudilia barabara, na kila mutu alisema: mambo yamerudi sawa vile yalikuwa.

Sisi tunasema: hapana, hayajarudi. Na tunataka kueleza juu ya nini.

Musomaji wa Kolwezi, wa Likasi ao wa Kipushi atauliza: ile habari inatuangalia namna gani? Ni futboli ya Marekani, mupira wenye sura ya yai, wenye wanacheza na kaske kichwani sawa vile sisi tunashuka kazini. Si mupira wa Mazembe na Lupopo. Ni kweli. Lakini kuko jamaa za Katanga na za Kivu zenye zinaishi kule leo, na watoto wao wanasoma kule. Tena, ndani ya ile habari kuko swali moja lenye kila delege wa sendika analijua: wakati ugonjwa ao mangaiko inapiga, wakubwa wanatoa zawadi. Nani analipa ile zawadi?

Maneno yetu leo ni haya: zawadi yenye haina makuta nyuma yake, inalipwa na ule mwenye hayuko kwenye meza.

Ngazi na daraja zake

Tuelewe kwanza ginsi mambo inatembea. Kule Marekani, mutoto hapiti katika klabu ili afike kwenye mupira wa kulipwa. Anapita kwenye shule. Anamaliza sekondere kwa miaka 18 hivi, univerisite inamuchukua, inamulipia minerivali, chumba na chakula, na yeye anacheza. Ile njo buruse. Kwa mutoto wa tajiri, ni heshima. Kwa mutoto wa mutumikaji, ni diplome yenye baba yake hangeweza kununua hata angetumika miaka 20.

Lakini mauniverisite hayalingane. Juu kabisa, mwaka 2021, kulikuwa 130 zenye kucheza daraja yenye wanaita FBS. Njo zile za kwenye televizio. Kila moja ilikuwa na haki ya buruse 85, na kila mwaka iliweza kuingiza wapya 25. Chini yake kulikuwa daraja ya FCS, zaidi ya shule 120: buruse 63, zenye waliweza kugawanya kati ya watu 85. Chini tena kuko Divizio ya 2, mwaka 2021 ilikuwa na zaidi ya shule 160: buruse 36, kwa ekipe yenye mara nyingi inafika watu 100. Kuko chama kingine, NAIA, cha shule ndogo zaidi ya 90 zenye ekipe ya mupira: buruse 24. Na kuko Divizio ya 3, karibu shule 250: pale buruse ya mupira haiko hata moja. Mutoto anacheza, na muzazi analipa.

Sikieni vizuri ile neno kugawanya. Kwenye shule ndogo, mutoto mwenye unasikia alipata buruse, mara nyingi alipata nusu, ao robo. Ingine ni deni ya jamaa.

Ndani ya NAIA kuko shule moja yenye mutu wa Katanga angependa. Ni Montana Tech, katika muji wa Butte. Butte ni muji wa shaba. Katika mwezi wa sita 1917, moto uliua watu 168 ndani ya mugodi mumoja wa pale. Tangu 1955 mpaka 1982 walichimba kule shimo kubwa la wazi, Berkeley Pit, sawa yale mashimo yetu ya Lualaba. Montana Tech ilianza kufundisha mwaka 1900 kama shule ya migodi, na ekipe yake inaitwa Orediggers, njo kusema wachimbaji wa madini. Kule Golden pia, kuko Colorado School of Mines, ya Divizio ya 2, na wao pia wanaitwa Orediggers. Kwa hiyo tusifikiri kama shule ndogo ni shule ya mikini. Shule ndogo njo ngazi ya mutoto mwenye hakuzaliwa karibu na mulango mukubwa.

Macho ya kochi

Shule kubwa iko na makuta ya kutafuta wachezaji inchi yote. Shule ndogo iko na makochi wachache na motokari moja. Kazi yao ni kwenda. Wanaenda siku ya tano magaribi kuangalia mechi ya sekondere katika muji mudogo. Wanaenda mwezi wa sita kwenye makambi ya majaribio, wanaangalia watoto wenye wakubwa wamewaacha: huyu ni mufupi, huyu ni mwepesi sana, huyu alikomaa nyuma ya wenzake. Shule ndogo inaishi na macho. Inaona kile chenye wakubwa hawakuona.

Mufano iko. Trey Lance alitoka Marshall, muji mudogo wa Minnesota. Mashule makubwa hayakumutaka kwenye fasi yenye alipenda, ile ya mutu mwenye kutupa mupira na kuongoza ekipe. North Dakota State, shule ya FCS, ilimutaka. Katika mwaka wa Korona alicheza mechi moja tu, tarehe 3 ya mwezi wa kumi 2020. Tarehe 29 ya mwezi wa ine 2021, San Francisco ilimuchagua wa tatu katika inchi nzima.

Watu wanachukua ile habari na kusema: munaona, mwenye kipaji hapotee. Hapana. Lance alionekana mbele ya ugonjwa. Swali letu ni juu ya Lance mwingine, ule mwenye angeonekana mwaka 2020.

Yeye hakuonekana. Mulango wa makochi ulifungwa, na mahali pengi hata mechi zenyewe hazikuchezwa. California, Illinois, Washington na majimbo mengine hawakucheza mupira wa sekondere kwa wakati wake wa mwaka 2020. Walisogeza mpaka mwanzo wa 2021, na saizoni ikakuwa fupi. Kijana wa mwaka wa mwisho hana mechi, hana video mupya ya kutuma, hana kambi. Ule wa tajiri alilipa mualimu wake mwenyewe na mutu wa kamera. Ule wa mutumikaji alituma video ya telefone, ya mwaka wenye ulipita, akangojea jibu.

Mwaka wa zawadi

Sasa tufike kwenye moyo wa maneno.

Tarehe 21 ya mwezi wa munane 2020, wakubwa wa NCAA, chama chenye kusimamia michezo ya mauniverisite, walikata shauri: mwaka huu wa ugonjwa hautahesabiwa. Kila mwenye kucheza, ao mwenye hakucheza, anapata mwaka mumoja wa kuongeza. Mwenye alipashwa kumaliza 2020 aliweza kubakia 2021.

Ni haki. Hatutasema kinyume. Kijana mwenye alitumika miaka mitatu, na mwaka wa mwisho ugonjwa ukamunyanganya, alistahili kurudishiwa. Sisi wenye tunajua maana ya miaka ya kazi, hatuwezi kumukatalia.

Lakini angalieni hesabu. Walisema wale wa mwaka wa mwisho wenye kurudi hawatahesabiwa ndani ya 85 kwa mwaka 2021. Kwa mwaka 2021 tu. Kisha hesabu ilipashwa kurudi vile ilikuwa. Na wale wengine wote, wa mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, wao pia walikuwa na mwaka wao wa kuongeza katika mufuko. Mwenye aliingia 2020 aliweza kubakia mpaka 2024, na wengine mpaka 2025. Watu waliongezeka ndani ya nyumba, lakini nyumba haikuongezwa chumba.

Tena, ile ruhusa haikuja na feza. NCAA haikusema: tunalipa. Ilisema: munaweza kulipa. Shule kubwa yenye televizio inaweza. Shule ndogo itatoa wapi?

Tuweke hesabu ya mufano tu. Shule ya Divizio ya 2 iko na buruse 36. Kila mwaka watu 20 wanamaliza, na wakitoka wanaacha buruse 8 za kugawanya kwa wapya. Sasa 12 kati ya wale 20 wanasema: tunabakia. Ni haki yao. Buruse zenye kubakia kwa wapya zinakuwa tatu. Kochi si mutu mubaya. Iko na mutu wa miaka 22, mwenye nguvu, mwenye kujua mupango wa ekipe, na iko na kijana wa miaka 17 mwenye hajamuona hata siku moja. Utachagua nani? Hata wewe ungechagua mukubwa.

Na mambo inashuka kama maji ya mvua juu ya kilima. Shule ya juu inajaza fasi zake na wakubwa. Kijana mwenye angeenda pale anashuka FCS. Ule wa FCS anasukumwa Divizio ya 2. Ule wa Divizio ya 2 anaambiwa: njoo, lakini ujilipie. Na ule mwenye alikuwa chini tangu mwanzo anaenda kutafuta kazi. Mwenye kukaa chini ya kilima njo anakunywa matope.

Mwezi wa ine 2021 wakaongeza kitu kingine: muchezaji wa Divizio ya 1 aliweza kuhama shule mara moja bila kukaa mwaka muzima inje ya kiwanja. Hii pia ni haki. Makochi wanahama kila siku kwenda kwenye mushahara mukubwa, juu ya nini muchezaji asihame? Lakini matunda yake kwa shule ndogo iko wazi. Yenye iko juu haina tena lazima ya kulea mutoto wa sekondere. Inangojea shule ndogo imulee, kisha inamuchukua. Sawa vile batri: sisi tunachimba kobalti, wengine wanatia jina lao juu.

Makuta ya wadogo

Watu wengi hawajue ginsi shule ndogo inaishi. Tueleze.

Njia ya kwanza, kwa shule za FCS, ni kukubali kwenda kupigwa. Shule kubwa inaita ndogo kwenye stade yake mwanzo wa mwaka, inaishinda mara nyingi, na inamulipa kwa ile mechi, hata mamia ya maelfu ya dola. Ile mechi moja inasaidia kulipa safari za michezo mingine yote, hata ya wabinti. Katika mwezi wa saba 2020, Big Ten na Pac-12, vyama viwili vya shule kubwa, vilisema: mwaka huu tunacheza sisi kwa sisi tu. North Dakota State ilipashwa kwenda kucheza na Oregon, mechi ikakufa. Wakubwa walijikinga. Wadogo walipoteza mapato, na hakuna mutu aliwauliza.

Njia ya pili ni ile ya NCAA kugawanya feza. Lakini ile feza inatoka sana kwenye televizio ya basketi ya mwezi wa tatu, na mwaka 2020 ile mashindano haikuchezwa. Divizio ya 1 ilikuwa inangojea miliyoni 600 za dola. Ilipata miliyoni 225.

Njia ya tatu ni ya shule ndogo kabisa, za Divizio ya 3 na NAIA. Pale mupira hauleti makuta ya televizio, unaleta wanafunzi. Ekipe ya watu 100 ni watu 100 wenye kulipa minerivali, ao sehemu yake kubwa. Kochi wa pale si mutu wa mupira tu, iko kama mutu wa kuandikisha wanafunzi. Akikosa kuleta vijana, mualimu wa hesabu naye anakosa mushahara. Njo maana ugonjwa ulipofunga barabara, shule nzima ilitetemeka. MacMurray College, ya Illinois, iliyozaliwa 1846, ilitangaza mwezi wa tatu 2020 kama inafunga. Mwezi wa ine Urbana University ya Ohio ikafwata. Zote mbili zilikuwa na ekipe ya mupira. Zilikuwa na shida ya feza tangu zamani, ni kweli, ugonjwa ulisukuma tu mutu mwenye alikuwa tayari kwenye ukingo. Lakini hata kwetu, mugonjwa wa mapafu ya vumbi njo wa kwanza kuuawa na baridi.

Kucheza ao kutocheza

Tarehe 5 ya mwezi wa munane 2020, Divizio ya 2 na ya 3 walikata kabisa mashindano yao ya mwisho ya mwaka. FCS walisogeza yao mpaka mwaka 2021, na wakapunguza ekipe toka 24 mpaka 16. Sam Houston ilishinda South Dakota State 23 kwa 21, tarehe 16 ya mwezi wa tano. NAIA nayo ilisogeza. Lindsey Wilson, shule ndogo ya Kentucky, ilishinda Northwestern ya Iowa 45 kwa 13. Tunawapigia mikono. Kucheza mupira mwezi wa pili, kwenye baridi kali, na kupimwa ugonjwa kila mara, haikuwa muchezo.

Lakini kuko mumoja mwenye hakumaliza mwaka. Kule Pennsylvania, kwenye muto Monongahela, inchi ya makaa na ya chuma, kuko muji mudogo wenye unaitwa California, na univerisite ya Divizio ya 2. Saizoni yao ilikuwa imekatwa. Muchezaji wao mumoja wa miaka 20, kijana munene mwenye nguvu, wa musitari wa mbele, alipata Korona. Damu iliganda, ikaenda kwenye mapafu. Alikufa tarehe 8 ya mwezi wa kenda 2020.

Tunataja ile kifo juu watu wanapenda kusema kijana wa michezo haogopi ugonjwa. Kwenye mugodi pia tulisikia vile: ninyi wenye nguvu mutumike, ugonjwa ni wa wazee. Nguvu ya mwili si vakse.

Nani aliongea kwa niaba yao?

Mwanzo wa mwezi wa munane 2020, wachezaji wa Pac-12 waliandika barua ya pamoja: ulinzi wa afya kwanza, na sehemu ya mapato. Siku chache kisha, wachezaji wa vyama vikubwa vingine waliungana wakaomba kuwa na chama chao cha wachezaji. Ni jambo kubwa. Lakini angalieni nani aliongea: wale wenye sura yao iko kwenye televizio. Muchezaji wa Butte ao wa Monongahela, nani angemusikia? Na ule kijana wa sekondere mwenye hajaingia, yeye hana hata jina kwenye liste.

Hii si habari ya kwanza. Mwaka 2014, wachezaji wa univerisite ya Northwestern, karibu na Chicago, walijaribu kujenga sendika. Wenye waliwasaidia ni United Steelworkers, chama cha watumikaji wa chuma, chenye kinasimamia pia wachimbaji wa shaba wa Arizona. Ndugu zetu wa kazi. Mukubwa mumoja wa ofisi ya kazi alikubali: hawa ni watumikaji. Wakapiga kura tarehe 25 ya mwezi wa ine 2014. Lakini mwaka 2015 ofisi kuu ilikataa kuingia ndani ya ile maneno, na kura hazikuhesabiwa. Sanduku lilifungwa na sauti ndani yake.

Tarehe 21 ya mwezi wa sita 2021, tribinali kubwa ya Marekani, waamuzi 9 kwa 9, walisema NCAA haina haki ya kuwekea mupaka musaada wa masomo wenye shule inataka kumupa muchezaji. Ule mwenye jina lake iko juu ya ile kesi, Shawne Alston, alichezea West Virginia, jimbo la makaa. Tunafurahi. Lakini kuruhusu kulipa si kulipa. Mwenye makuta atatoa. Mwenye hana atabakia kuangalia.

Kuko watu watatujibu: mulitaka nini? Wakubwa wafukuzwe ili wadogo waingie? Hapana. Hiyo njo mutego wa wakubwa wa kazi pahali pote: kugombanisha muzee na kijana juu ya mufupa mumoja, na wao wanakula nyama. Sisi tunasema mwaka wa kuongeza ulikuwa sawa, lakini ulipashwa kuja na fasi za kuongeza kwa miaka yote yenye utadumu, si kwa mwaka mumoja. Ulipashwa kuja na mufuko wa pamoja, wenye shule za televizio zinatia ndani, kwa ajili ya shule zenye zilinyimwa mechi zao. Na ulipashwa kukatwa shauri na watu wenye utawauma, wakiwa ndani ya chumba.

Kwetu hapa

Mwaka 2020, hapa Katanga, watumikaji wa kampuni fulani walifungiwa ndani ya site kwa majuma na miezi, mbali na bibi na watoto, wakiendelea na kazi. Katika mukutano mumoja na kampuni yenye sitaitaja, kiongozi alitangaza: kontra za kudumu zote zitalindwa. Ni vizuri. Sisi madelege tukauliza: na watu wa sutretanse? Akajibu: wale si wetu. Wenye walivuta vumbi ileile, wakalala kwenye mahema yaleyale, walirudi nyumbani bila hesabu ya mwisho. Ulinzi wa wamoja ulilipwa na wengine, na wale wengine hawakuwa na kiti.

Tunaona ni muchezo uleule. Buruse ya kugawanya na kontra ya siku ni ndugu. Sheria yetu ya kazi ya 2002 inasema, artikle 40: mutumikaji wa siku kwa siku mwenye ametumika siku 22 katika miezi miwili, akiandikwa tena mbele ya ile miezi miwili kuisha, kontra yake inakuwa ya wakati usio na mwisho. Wangapi kati yetu wanahesabu siku zao? Tunaomba kila delege, kwenye kila mazungumuzo, mbele ya kutia sahihi, aulize maswali mawili: ile zawadi inatoka mufuko gani? Na nani hayuko hapa?

Na kwa wazazi, hapa ao kule Marekani, wenye mutoto wao anaota ile buruse, maneno machache ya musaada. Ahadi ya mudomo ya kochi haifunge mutu. Kinachofunga ni karatasi yenye sahihi. Uliza kama buruse ni ya mwaka mumoja ao ya miaka yote. Uliza ni nzima ao ni kipande, na kile kipande kingine ni dola ngapi kwa mwaka. Uliza ni wakubwa wangapi wanarudi kwenye fasi ya mutoto wako. Uliza akivunjika muguu, nani analipa hopitali. Uliza kama shule yenyewe itakuwa ingali wazi kisha miaka mine, juu MacMurray pia ilikuwa na majengo mazuri. Uliza mutoto wako anataka kusoma nini, kwa sababu mupira unaweza kuisha siku moja na diplome inabakia. Na mutu mwenye kuomba dola mbele ili amuoneshe mutoto kwa makochi, mumuoneshe mulango.

Vijana wenye walimaliza sekondere kule Marekani mwaka 2020 na 2021 hawatarudishiwa mwaka wao. Hakuna tribinali itawahesabia. Wengine wako sasa kwenye duka, kwenye magala ya mizigo, na wengine wameingia chini, kwenye makaa, kazi ya baba zao. Kazi haina haya, sisi njo wa kwanza kusema vile. Lakini mutu ashuke mugodi kwa kuchagua, asishuke kwa sababu mahali fulani, katika chumba chenye hakuitwa, walitoa zawadi na wakaandika deni kwa jina lake.